Grisi Kwenye Shafti ya Usukani

"Unapoteza muda, Inspekta," alisema Afande Matayo, mkuu wa polisi wa Handeni. Alisimama mbali na mabaki ya ndege, kana kwamba yangemrukia na kumchafua suruali. "Muuaji yuko mahabusu. Kesho anapelekwa Tanga. Sasa humo unatafuta nini?"

Inspekta Yordani Mdoe alikuwa amejikunja ndani ya ndege, goti moja juu ya kiti kilichong'oka, mkono wake umezama chini ya dashibodi. Makao makuu ya mkoa yalikuwa yamemtuma achunguze ajali, nao wenyeji wake tangu afike hawakumpa hata kiti cha kukalia. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kila aliyemuuliza swali alikuwa na jibu lilelile mdomoni, kama wimbo wa mchakamchaka.

Jibu lenyewe lilikuwa hili. Ndege ndogo ya viti vinne ilitoka Korogwe, ikatua Handeni alasiri na kulala kiwanjani. Asubuhi ilipotaka kuruka haikuinuka. Ilikimbia hadi mwisho wa kiwanja ikajipigiza kwenye miti ya migunga. Bwana Mbaruku, mpima ardhi aliyekuwa akiitumia kutafuta nyumba zilizobaki porini baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, alifia palepale. Rubani Simeo alivunjika miguu yote miwili, na kabla ya kuzirai alisema maneno mawili tu: "Usukani umegoma." Na kwa kuwa mfugaji mmoja wa Kimaasai aitwaye Koisaba aligombana na Mbaruku juu ya malisho jioni ile mbele ya watu, akamwambia kuwa chombo chake hakitafika mbali, mfugaji huyo ndiye aliyekamatwa.

Mdoe alishika usukani wa upande wa abiria. Usukani wa ndege hauzungushwi tu kama wa gari. Rubani huuvuta kifuani ndege ikainua pua, akausukuma ikainamisha. Kwa hiyo nyuma yake pana shafti, bomba refu la chuma, linaloingia na kutoka kwenye tundu la dashibodi. Mbele ya rubani upo mmoja na mbele ya abiria upo wa pili, nazo zimeungwa kwa ndani: mmoja ukikwama, wa pili nao hauendi.

Shafti ya rubani ilikuwa safi, inang'aa. Ya abiria ilikuwa imevaa tope zito jekundu. Mdoe aliuvuta usukani kwa nguvu zake zote. Ukagoma kama alivyosema rubani, kisha ukatoka kidogo kidogo huku ukikwaruza, na kila sehemu iliyotoka ndani ilikuja imepakwa vilevile, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umeona mwenyewe," alisema Matayo, sasa akisogea. "Mafuta ya kondoo na udongo mwekundu. Wanavyojipaka mwilini ndivyo alivyopaka na huko. Kibuyu tumekikuta nyumbani kwake, kipo kwenye gari."

"Nitakiomba hicho kibuyu, Afande."

Kililetwa. Mdoe alitafuta vifuniko viwili vya kopo, kimoja akatia mafuta ya kibuyuni na kingine tope la kwenye shafti, akawasha vijiti vya kiberiti chini yake. Askari waliokuwa karibu waliinua pua. Kifuniko cha kwanza kilinuka nyama ya kuchoma. Cha pili kilitoa moshi mchungu wa gereji.

"Hii ni grisi, Afande. Wekundu ni vumbi la kiwanja chako tu."

"Kachanganya."

"Angechanganya, zingenuka zote mbili."

Kifuniko kilipopoa, Mdoe alisugua masalio kwa kidole gumba. Vumbi ni laini, lakini hapa palikuwa na chenga kali, nyeusi, zilizomkwaruza ngozi kama msasa. Alizikunja kwenye karatasi na kuzitia mfukoni.

"Nitaandika kuwa umeingilia ushahidi wangu," alisema Matayo.

"Andika, Afande. Na uandike umenusa nini."

*

Nje ya kituo, mke wa Koisaba, Nasieku, alikuwa ameketi ukutani na shuka limemfunika hadi kidevuni. Askari wa zamu alimwambia aondoke. Hakugeuza hata shingo. Mdoe alichuchumaa mbele yake.

"Mama, ulikuwapo ndege ilipopata ajali?"

"Wote tulikuwapo. Asubuhi wanaume walitoka na fimbo waende kuzungumza na yule mpima."

"Watu wanazungumza kwa fimbo?"

"Yeye alizungumza kwa ndege," alijibu Nasieku. "Alipotuona alikimbia akapanda. Ndege ikaanza kukimbia mlango wake haujafungwa. Aliufunga ikiwa njiani. Umetosheka?"

Mdoe alisimama. Hakuwa ametosheka, ila alikuwa amepata kitu.

Koisaba alikuwa mtu wa makamo, mrefu, na chumba cha mahabusu kilikuwa kidogo kwake. Jicho moja lilikuwa limevimba. Hakusalimia.

"Nani amekupiga?"

"Ninyi."

"Mimi nimetoka Tanga leo."

"Nguo ni ileile." Alimtazama Mdoe juu hadi chini. "Na uso ni wa Kizigua. Mmechukua malisho, sasa mnataka shingo."

Mdoe aliacha maneno hayo yapite. "Watu wamekuona ukichungulia ndege alfajiri. Ulikuwa ukifanya nini?"

"Ndama wangu alikuwa akilamba gurudumu. Nikaenda kumtoa."

"Ukafungua mlango?"

"Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nikatazama kwenye kioo. Mtu akilaza kitu kikubwa namna ile karibu na ng'ombe wangu, nisitazame?"

"Ukaona nini ndani?"

Koisaba alionekana kupima kama swali lile lilikuwa mtego. Kisha akasema, "Niliona usukani wa upande wa kushoto umechomekwa kijiti cha chuma. Kina kitambaa chekundu. Nikadhani ni dawa."

Mdoe alisogea karibu. "Na baadaye?"

"Rubani alipokuja alikichomoa akakitia mfukoni. Sasa na wewe nipige, jicho la pili lipo."

*

Barabara ya kwenda Korogwe kupitia Sindeni ilikuwa na mashimo ya mvua ya masika iliyopita. Ndani ya Landrova Mdoe alipanga mawazo yake, moja juu ya jingine, kama mtu anayejenga ukuta wa matofali mabichi.

Kile kijiti alikijua. Ni pini ya kufungia usukani, rubani huichomeka ndege inapolala ili upepo usiichezeshe. Pini ikiwa mahali pake, usukani wa kushoto, ule wa rubani, hausogei. Na kwa kuwa zote mbili zimeungwa, hata wa kulia hausogei. Hapo shafti huonekana kipande tu, kilichobaki kimejificha nyuma ya dashibodi. Lakini grisi ilikuwa shafti nzima. Aliyeipaka aliuvuta usukani hadi mwisho, akapaka, akaurudisha. Hilo halikuwezekana Handeni usiku ule, hata kama Koisaba angekuwa na ufunguo wa mlango, kwani aliyeidhani pini kuwa dawa asingejua kuichomoa. Grisi ilitoka Korogwe.

Rubani Simeo alikuwa amelazwa peke yake katika chumba cha mwisho cha hospitali, miguu imening'inizwa kwa kamba. Alikuwa kijana mwenye sharubu zilizochongwa vizuri, na maumivu yalikuwa yamemfanya mkali.

"Nimeshasema kila kitu. Usukani uligoma. Mkamateni aliyeugomesha."

"Pini iko wapi?"

"Mfukoni mwa koti. Niliichomeka tulipotua, nikaitoa asubuhi. Mlango niliufunga mwenyewe."

"Usiku ufunguo alikuwa nao nani?"

"Ulikuwa chini ya mto wangu. Kwani unanishuku mimi? Nijivunje miguu mwenyewe?"

Mdoe alivuta kigoda. "Ndugu Simeo, rubani kabla ya kuruka huuvuta usukani mpaka mwisho, akausukuma mpaka mwisho, aone kama unakwenda. Uliuvuta?"

"Niliuvuta."

"Pale Handeni? Asubuhi ile?"

"Nimesema niliuvuta! Unanifundisha kazi?"

"Mbaruku alipanda ndege ikiwa inakwenda. Mlango wake aliufunga njiani. Yupo aliyeona. Uliuvuta saa ngapi?"

Simeo aligeuza uso kuelekea ukutani. Muuguzi alichungulia mlangoni. Mdoe akamwashiria aende.

"Walikuwa wanakuja na fimbo," alisema rubani kwa sauti ya chini. "Kundi zima. Mbaruku ananipigia kelele, ondoa, ondoa. Nikaondoa. Kulikuwa na baridi asubuhi ile, ungeona hata pumzi. Nilipofika kasi ya kuinuka nikavuta... ulikuja kidogo, kisha ukashika. Nikavuta kwa mikono miwili. Naye akavuta wake. Tulikuwa tunavuta wote wawili, Inspekta, mpaka miti."

"Na siku ya kwanza? Hapa Korogwe?"

"Hapa niliuvuta."

"Ukawaje?"

"Mzito kidogo."

"Ukafanya nini?"

"Nilitaka kurudi bandani nimwambie fundi Filemoni autazame. Mbaruku akasema tumechelewa." Simeo alivuta shuka kifuani. "Ulikuwa mzito kidogo tu. Angani ukalegea. Ningejuaje?"

"Ungejua kwa kurudi bandani," alisema Mdoe, akanyanyuka.

"Nyie mnaokaa chini ni mabingwa wa mambo ya angani!" Simeo alimpigia kelele mgongoni. "Mkamateni yule Mmaasai, si mimi!"

*

Banda la ndege lilikuwa ukingoni mwa shamba la mkonge, nje kidogo ya mji. Fundi Filemoni alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene wa mabega, mzaliwa wa kambi za mkonge, ambako baba yake aliletwa kutoka Songea kama manamba, kibarua wa mkataba. Alikuwa akifanya kazi kwenye ndege ya kunyunyizia dawa, na Mdoe alipoingia hakuiweka chini spana.

"Polisi wa hapa wameshanihoji."

"Mimi si wa hapa. Na sikuja kuhoji. Nataka unioneshe jinsi ya kusafisha shafti ya usukani."

Filemoni alimtazama. "Ili?"

"Ili nijue. Hiyo ndege si inazo?"

Fundi alinyanyua mabega. Alipanda, akauvuta usukani hadi mwisho, shafti ikatoka nje yote. Aliifuta kwa kitambaa kikavu. Akachukua kingine, akakilowesha spiriti, akaisugua mzunguko mzima na pale inapoingia kwenye tundu, akitazama kitambaa kila mara mpaka kilipotoka cheupe. Kisha akatia tone moja la mafuta mepesi kwenye kitambaa cha tatu, akapitisha, na hata hayo akayafuta tena, ukabaki mng'ao tu. Akausukuma usukani, akauvuta, akausukuma. Ulikwenda bila sauti. Mikono yake ilifanya yote hayo kama inavyosali mikono iliyozoea, huku macho yake yakimchukia mgeni.

"Mbona hutii grisi?"

"Grisi inanasa vumbi. Vumbi likikaa humo linakuwa msasa. Na asubuhi ya baridi grisi inaganda."

"Kwa hiyo fundi hatii grisi kwa bahati mbaya."

"Fundi gani?"

Mdoe alikuwa ameshafika kwenye meza ya vifaa. Makopo yalipangwa mstari mmoja. Alifungua moja dogo la bati, akachovya kidole, akasugua. Chenga kali, nyeusi. Alikunjua karatasi kutoka mfukoni akaiweka pembeni ya kopo.

"Hii ni nini, fundi?"

"Unga wa kusagia valvu za injini. Kila karakana unayo."

"Handeni kiwanjani haupo. Kwenye boma la Koisaba haupo. Lakini umo ndani ya grisi ya shafti ya kulia, chenga kwa chenga. Ufunguo wa banda hili mnao wangapi?"

"Mimi na rubani."

"Na rubani mwenyewe alikuwa ndani ya ndege ajali ilipotokea."

Filemoni alishuka kutoka kwenye ndege. Alikuwa mkubwa kuliko Mdoe, na spana ilikuwa ingali mkononi. Dereva wa Landrova alianza kusogea mlangoni. Mdoe akamzuia kwa macho.

"Huna kitu," alisema Filemoni. "Una kopo. Kopo halisemi."

"Kesho Koisaba anapelekwa Tanga. Hakimu ataoneshwa kibuyu cha mafuta ya kondoo. Atanyongwa kwa kibuyu."

"Si ndugu yangu."

"Hata Mbaruku hakuwa ndugu yako. Alikuudhi nini?"

Mdoe alimzunguka taratibu, akaegemea meza. Alikuwa na neno moja tu lililobaki, na hakuwa na hakika nalo.

"Nimetoka hospitali sasa hivi," alisema. "Simeo amekiri. Handeni hakuuvuta usukani kabla ya kuruka. Na hapa Korogwe aliuvuta akauona mzito. Akaruka hivyohivyo."

Spana ilianguka sakafuni.

"Aliuona mzito?" Sauti ya Filemoni ilipanda. "Aliuona mzito akaruka?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mwongo! Hakuna rubani anayeruka na usukani mzito! Mtoto wa shule haruki! Angerudi hapa! Ilikuwa lazima arudi hapa, ningeifungua, ingekaa wiki nzima naitafuta kasoro..." Akasita. Alisikia mwenyewe alichokisema.

"Uliitaka ilale chini," alisema Mdoe.

Filemoni alikaa kwenye gurudumu la ndege kama gunia lililotuliwa. Alipoanza kusema, alisema kwa hasira, kana kwamba Mdoe ndiye aliyekosea.

Mama yake, Paulina, alikuwa porini upande wa Handeni. Baba yake alipoachana na mkonge walikwenda kulima huko, na mzee akazikwa hukohuko. Watu walipohamishwa, nyumba ya mama ilibomolewa naye akapakiwa kwenye lori. Alirudi kwa miguu. Akajenga tena, ndani zaidi, karibu na kaburi. Kisha akaja Mbaruku na ramani zake, akakaa hapahapa bandani akicheka na rubani, akieleza jinsi moshi wa jiko unavyoonekana vizuri kutoka juu asubuhi.

"Kazi yangu ilikuwa kuiandaa ndege ikamtafute mama yangu," alisema Filemoni. "Ningekataa ningefukuzwa, akaja fundi mwingine. Nikasema naiharibu kidogo. Nilipaka ya kulia kwa sababu rubani haitazami, asije akaona grisi akaifuta. Niliweka unga ili ikwaruze, aisikie. Nilitaka aisikie! Ingenyesha mvua, mimea ikawafungia njia, mama akapata nafasi ya kuhama. Sikutaka kuua mtu."

"Umeua, hata hivyo."

"Mimi peke yangu?" Filemoni alimkazia macho. "Yule aliyesikia akaruka, yeye umemfunga?"

"Yeye nitamwandikia yake. Nyosha mikono."

Aliinyosha. Pingu zilibana sana kwenye vifundo vile vinene vya mikono, Mdoe akalazimika kuzisogeza mpaka tundu la mwisho.

*

Ofisi ya shamba ilikuwa na simu. Ilichukua muda mrefu kupata Handeni, na sauti ya Matayo ilipokuja ilikuja na mikwaruzo.

"Grisi imetoka hapa, Afande. Fundi amekiri mbele ya dereva wangu. Mfungulie Koisaba."

"Alitishia. Watu wamemsikia."

"Kutishia siyo kupaka. Ama unamfungulia wewe leo, ama kesho namfungulia mimi Tanga mbele ya hakimu, na jicho lake nitamwonesha."

"Nitamfungulia," alisema Matayo hatimaye. "Ila usitegemee nimwombe radhi. Na usirudi Handeni kwa ajili ya mambo madogo. Kazi ile inaendelea, mpima mwingine ameshapatikana." Simu ikakatwa.

Mdoe alitoka nje. Filemoni alikuwa amekalishwa nyuma ya Landrova, dereva kando yake. Jua lilikuwa bado juu ya mistari ya mkonge, na kutoka upande wa Tanga mlio mwembamba ulikuwa ukikua, mlio ambao hata asiyekuwa fundi angeutambua. Ndege ilipita juu ya banda bila kutua, ikapinda bawa, ikashika njia ya Handeni. Filemoni aliifuata kwa macho mpaka ikawa kama nzi.

Mdoe alipanda, akafunga mlango. Kulikuwa na jambo moja ambalo sheria ilimtaka alifanye, naye alilifanya kwa sauti ya kazi, bila kumtazama.

"Lazima jamaa yako aarifiwe kuwa umekamatwa. Mama yako anaishi wapi hasa?"

Filemoni alicheka kicheko kifupi kibaya, akaelekeza kidevu angani.

"Muulize huyo," alisema. "Mpaka jioni atakuwa anajua."